Mpwa wangu anakesha na madaftari, moko kapata Divisheni 4 ya 26. Hela kidogo niliyonayo niipeleke wapi?

Mzee wa Spea (Makambako)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa walimu mliomo humu.

Naishi na mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyeko Ludewa. Yuko kidato cha nne, shule ya kata ya hapa hapa mjini. Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya wa taifa, yametoka: Kiswahili B, Jiografia C, Uraia D, Historia D, Kiingereza D, Baiolojia D, Hisabati F, Kemia F. Fizikia aliiacha alipoingia kidato cha tatu. Jumla kaandikiwa Divisheni 4 ya pointi 26.

Angekuwa mvivu wala nisingewasumbua. Huyu mtoto anapiga msuli kweli kweli. Saa nane usiku nikitoka kwenda chooni naona taa yake inawaka. Kakaa, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie, midomo inacheza. Madaftari yake yanapendeza, kila kichwa cha habari kapigia mstari mwekundu kwa rula. Ukimuuliza fotosinthesisi ni nini, anakumiminia Kiingereza mpaka nukta ya mwisho. Sasa juzi nimehamisha turubai uani, nyasi zilizokuwa chini yake zimepauka njano. Nikamwambia haya mwanabaiolojia, hizi zimepatwa na nini? Akacheka. "Mjomba, hiyo hatujafundishwa."

Mimi niliishia la saba mwaka 1994. Kiingereza changu ni cha kwenye maboksi ya gasketi na shokapu, siwezi kumsaidia. Nina kama laki mbili na nusu ya kumwekea mpaka Novemba. Mke wangu anasema tumpeleke kambi ya kulala huko huko. Jirani anasema tuisheni ya jioni, elfu arobaini kwa mwezi, masomo yote. Kuna kijana kaniletea dukani vitabu vya maswali yaliyokwisha kujibiwa, anadai mtoto akivimeza vyote hafeli.

Jambo jingine, hana hamu kabisa ya kusoma kitu kisichokuwa cha mtihani. Nilimletea gazeti, likafungia maandazi.

Nishaurini.

Ngosha wa Kahama

Mkuu hapo usijiulize mara mbili, peleka kambi. Kule wanachapa pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) asubuhi mpaka usiku, simu hakuna, TV hakuna, kutumwa dukani hakuna. Mdogo wangu alienda kambi akatoka na 3. Hivyo vitabu vya majibu navyo chukua, maswali ya NECTA (Baraza la Mitihani) yanajirudia sana. Mambo ya kusoma kitabu mstari kwa mstari yalitakiwa kidato cha kwanza. Saa hizi ni kuwinda maswali tu.

Mwl. Mstaafu

Mzee wa Spea, kabla ya kutoa hela, kaa na hiyo karatasi ya matokeo uisome upya. Watu wakisikia Divisheni 4 huanza kuweka matanga, na hapa hakuna msiba.

Divisheni inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Binti yako ana B moja, C moja, D nne na F moja ya Hisabati: 2 na 3 na 16 na 5, jumla 26. Kemia ni somo lake la nane, haikuingia kwenye hesabu. Divisheni 3 ni pointi 22 hadi 25. Kwa hiyo amekosa pointi moja. D moja ikipanda kuwa C, kashavuka.

D ni alama 30 hadi 44, C inaanzia 45. Kamuulize Historia alipata ngapi. Nataja Historia kwa sababu ya pili: ili achaguliwe kidato cha tano anahitaji angalau C tatu. Kiswahili na Jiografia anazo. Akiongeza Historia ana tatu, na hiyo ni HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) kamili mkononi. Alama anazotafuta huenda ni chache kuliko anavyodhani yeye akiwa na miguu majini saa nane.

Na hilo beseni. Makambako, mwezi wa saba! Lirudisheni jikoni leo hii. Mlaze saa nne. Kilichosomwa usiku wa manane kwa midomo kucheza huwa kinakaa kwa mpangilio wa maneno tu. Ukimkatisha katikati lazima aanze upya kutoka juu. Ndiyo maana nyasi za uani zimemshinda. Anayo sentensi inayosema mmea unahitaji mwanga, ila hiyo sentensi haijawahi kutoka nje ya daftari ikaenda mpaka kwenye turubai lako.

Nimefundisha Historia na Kiswahili Nyanda za Juu Kusini mpaka nikastaafu, na nimekaa kwenye meza za kusahihisha. Nikwambie tunachokiona kule. Swali la insha likitaja Majimaji, unapokea rundo la karatasi limejaa kodi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ukatili wa maakida. Yote ni kweli tupu. Ila swali limeuliza kwa nini Waafrika walishindwa! Mtoto kaliona neno Majimaji, kafungulia bomba. Angeandika kwamba dawa ya maji haikuzuia risasi, kwamba Wajerumani walikuwa na bunduki za rashasha, kwamba walichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu kuliko vita yenyewe, kwamba kila kabila liliinuka kwa wakati wake tangu 1905 mpaka 1907, angekuwa na alama zake. Sehemu C ya Historia anajibu insha mbili, alama 15 kila moja. Insha moja aliyoielewa inatosha kumtoa D kumpeleka C.

Kwa hiyo Ngosha, pasti pepa sizikatai, nimewapa watoto maelfu. Zinamwonyesha mtoto anachokijua na asichokijua. Asiyesoma kitu zitamwonyesha hicho hicho, kwamba hana kitu, kila siku, mpaka akate tamaa. Na vitabu vya majibu ndivyo vinavyotuletea karatasi hamsini zenye utangulizi mmoja, koma kwa koma.

Sasa kazi yako, mzee, na haihitaji Kiingereza. Kila jioni ukishafunga duka, akusomee ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada. Kitabu, si daftari. Daftari ni kile alichowahi kunakili ubaoni kabla mwalimu hajafuta. Asome aya moja kwa sauti kwa Kiingereza, afunge kitabu, akueleze kwa Kiswahili. Wewe uliza. Mimi mwalimu angenifunika kwa istilahi mbili tatu nikadhani kaelewa. Wewe hutadanganyika kirahisi. Akikwambia "mfumo wa uchumi wa kikoloni uliwalazimisha Waafrika kuingia katika uchumi wa fedha", muulize mtu wa huku kwetu, asiyekuwa na duka wala mshahara, hela ya kodi aliitoa wapi. Hapo ama atakwambia habari za vijana walioondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, ama atafungua tena kitabu. Yote mawili ni faida.

Mkimaliza, aandike mambo hayo hayo kwa Kiingereza chake mwenyewe, sentensi tano fupi. Zikiwa na makosa, sawa, mwalimu wake wa Kiingereza atazipitia. Ila ziwe zake.

Laki mbili na nusu yako usiimalize. Nunua kitabu cha Historia na cha Baiolojia. Kama una simu ya kuperuzi, Taasisi ya Elimu (TET) wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada vinasomeka bure, unalipia bando tu. Toa nakala za pasti pepa za miaka ya karibuni pale steshenari. Kama lazima tuisheni, iwe ya Hisabati peke yake, kwa mtu anayejulikana. Tuisheni ya masomo yote ni kuongezewa notsi juu ya notsi.

Swali langu moja: jioni hapo nyumbani vyombo anaosha nani?

Dada Mwere (Morogoro)

Mwalimu kamaliza, naongeza la Hisabati na la Kiswahili maana nimetoka huko si zamani.

Hisabati ukishapata F kila mara unaanza kuiogopa yote nzima. Kumbe kutoka F kwenda D ni alama 30 tu, na hiyo nayo ni pointi moja imepungua! Karatasi ina maswali 14: kumi ya Sehemu A alama 6 kila moja, manne ya Sehemu B alama 10 kila moja. Mwambie achague mada chache azitafune mpaka ziishe: seti, takwimu, linia programingi, na zile hesabu za biashara. Mjomba wewe una duka. Daftari lako la mauzo na manunuzi ndiyo somo lenyewe, mkalishe Jumamosi akufungie mahesabu ya mwezi, faida na hasara, akipatia umpe soda.

Kiswahili ana B, inaweza kuwa A. Muulize kama vitabu teule amevisoma au amesoma uchambuzi. Darasani kwetu wengi walikuwa na kile kijitabu cha dhamira, wahusika, mbinu za kisanaa, hadithi yenyewe hawaijui. Ukiulizwa toa mfano, unatoa jina la mhusika halafu basi, umekwama. Aanze na Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo kama hajakisoma. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, baba mlevi, mama anapika chakula cha kuuza. Mtoto anayeishi na mjomba hachelewi kukielewa. Na ni kifupi, hata asiyependa kusoma anakimaliza.

Mimi nilikuwa nasomea maktaba ya mkoa hapa Morogoro, kwa sababu nyumbani kulikuwa na redio. Huko kwenu kama hakuna maktaba karibu, omba shule wamwachie darasa jioni na wenzake watatu. Wanne wanatosha. Wakifika kumi ni stori tu.

Halafu kitu watu hawakijui: tovuti ya NECTA wanaweka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo. Ndani kuna picha ya jibu zuri na picha ya jibu baya, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, na maelezo huyu kakosea wapi. Sisi tulikuwa tunasoma yale mabaya tunacheka, halafu ukigeuza unakuta jibu lako la jana liko hivyo hivyo.

Kibonge wa Uyole

Mwalimu nakuheshimu ila hapo kwenye Kiswahili sikuelewi. Mtihani wa Historia ni Kiingereza. Mtoto akizoea kueleza kwa Kiswahili si ndiyo anazidi kupotea? Shuleni kwetu ukiongea Kiswahili ulikuwa unavishwa ubao shingoni.

Mwl. Mstaafu

Kibonge, huo ubao naujua. Ulitufundisha kunyamaza vizuri sana.

Mtoto wetu wa shule ya kata amesoma miaka saba yote kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza anafunguliwa mlango mwingine, Historia, Jiografia, Baiolojia, vyote vimegeuka Kiingereza siku moja. Asipoelewa, kukariri ndiyo njia pekee iliyobaki, na ni njia ya akili, usimdharau. Ila mwisho wake ni D. Anatakiwa kwanza alielewe jambo kwa lugha anayofikiria nayo, ndipo alivushe. Ndiyo maana nimesema amalizie na sentensi tano za Kiingereza. Akiishia kwenye Kiswahili, una haki ya kulalamika.

Na zile sentensi ziwe fupi. Watoto wanadhani insha nzuri ni ile yenye sentensi inayoanzia juu ya ukurasa na kuishia chini. Msahihishaji anatafuta hoja na maelezo ya hoja. Hoja moja, maelezo, mfano wenye jina la mahali au mwaka, aya nyingine.

Mzee wa Spea (Makambako)

Shikamoo mwalimu, na ahsanteni wote. Nimekaa siku kadhaa bila kujibu kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza.

Historia alipata 41. Nilipomwambia bado alama nne tu afikie C, alinitazama kama nimemdanganya. Akachukua kalamu akapiga hesabu mwenyewe, akarudia, halafu akaenda kumwonyesha mke wangu jikoni.

Vyombo alikuwa anaosha yeye, na maji alikuwa anachota yeye. Nilikuwa sijalitazama hilo. Sasa vijana wangu wawili wa kiume wanapokezana. Wa kwanza kanuna mpaka leo, atazoea.

Jioni ya kwanza ilikuwa mbaya. Alisoma aya, nikamwambia nieleze, akairudia ile ile kwa Kiingereza. Nikamwambia mama, mimi ni wa la saba, nieleze mimi. Akatafuta maneno wee, mwisho machozi yakamlenga. Nikaona nimemkwaza, nikaacha, tukala. Kesho yake kaja mwenyewe na kitabu cha Baiolojia alichoazima kwa mwenzake, mada ya usafirishaji kwenye mimea. Nikamwambia unaona hili dumu la oili na huu mpira wa kunyonyea, maji yanapandaje mpaka juu kwenye mti na hakuna anayenyonya? Hapo ndipo tukaelewana. Kanieleza kwamba majani yakipoteza maji juu yanavuta ya chini. Nikambishia, kwamba basi mti ulioangusha majani yote hauvuti maji. Kakaa kimya, kafungua kitabu. Alichelewa kulala kidogo siku hiyo, mwalimu utusamehe.

Kile kitabu cha Mbogo kimeleta mambo mengine kabisa. Anamsomea mke wangu jioni akiwa anakaanga vitumbua vya asubuhi. Juzi mtoto kasema amechoka, mke wangu kagoma: haiwezekani, huwezi kuniachia hapo kwenye Zita, malizia. Kamaliza sura. Kwa hiyo hapo nyumbani aliyeshika hamu ya kusoma kwa sasa ni mke wangu, na mtoto analazimika kumfuata.

Habari ya kambi tumeiacha. Tuisheni nimempata kijana mmoja wa Hisabati, Jumanne na Alhamisi, kaanza na seti.

Nina swali moja. Kitabu cha Historia cha kidato cha nne nimekipata stendi, kimetumika, nimekichukua kwa elfu nne. Ila kurasa za mwanzo zimechanwa, kinaanzia katikati ya habari za vyama vya kudai uhuru. Nimekosa nini hapo, na ni cha muhimu?

Mwl. Mstaafu

Marahaba, mzee. Umekosa mada nzima ya kwanza, misukosuko ya mfumo wa kibepari: Vita Kuu ya Kwanza, mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929, na Vita Kuu ya Pili. Ni muhimu, na insha zake hutoka. Zaidi ya hapo, bila hiyo mada vyama vya kudai uhuru havieleweki: askari waliorudi kutoka Burma, Waingereza na Wafaransa waliotoka vitani wamechoka na madeni, vyote viko kwenye kurasa zilizochanwa. Ingia maktaba mtandao ya TET kwa simu, tafuta kitabu cha Historia kidato cha nne, msome hiyo mada hapo. Kama bando ni tatizo, mwenye steshenari akuchapishie kurasa hizo tu, uzibane mbele ya kitabu kwa stepla.

Majimaji hutaikuta humo, iko kidato cha tatu. Mtihani unachota kuanzia kidato cha kwanza, kwa hiyo hicho cha tatu nacho kiulizie hapo stendi.

Ngosha wa Kahama

Mwl, hizo pasti pepa aanze nazo lini basi? Nauliza kwa ajili ya wa kwangu, yuko kidato cha tatu.

Mwl. Mstaafu

Wa kwako aanze sasa, swali moja kila anapomaliza mada, kitabu kikiwa kimefungwa. Wa Mzee wa Spea, kuanzia Septemba: karatasi nzima, kwa muda wa saa tatu, Jumamosi asubuhi, saa ya ukutani mbele yake. Na kusahihisha amwachie mwenzake.